Usiku Usioulizwa: Usingizi na Shughuli za Mwili katika Kisukari cha Aina ya Pili

Kadi ya kliniki ya mgonjwa wa kisukari, iwe ya hospitali ya wilaya au ya zahanati binafsi mjini, kwa kawaida huwa na uzito, shinikizo la damu, sukari ya siku hiyo na majina ya dawa, na pembeni, ikibaki nafasi, huandikwa kwamba mgonjwa ameshauriwa kupunguza wanga na kufanya mazoezi. Namna alivyolala haiandikwi, kwa sababu mara nyingi haiulizwi. Pengo hilo linashangaza katika jamii ambayo salamu yake ya kwanza ya asubuhi ni kumuuliza mtu ameamkaje, na ambayo huona ni utovu wa adabu kuingia kwenye shughuli kabla ya kupata jibu. Tena lina madhara, kwa kuwa ushahidi uliokusanywa tangu mwishoni mwa karne iliyopita unaonyesha kwamba usiku mbaya hupandisha sukari, sukari iliyopanda huuharibu usiku unaofuata, na vyote viwili humwondolea mgonjwa nguvu za kutekeleza agizo lile lile la mazoezi aliloandikiwa. Hoja ya makala hii ni kwamba shughuli za mchana na usingizi wa usiku ni tiba moja yenye pande mbili, na kwamba anayeagiza upande mmoja bila kuuliza habari za upande wa pili hujipunguzia mwenyewe nafasi ya kufanikiwa.

Kisukari cha aina ya pili ni hali ambayo insulini, yaani homoni ya kongosho inayoziwezesha seli kuichukua glukosi kutoka kwenye damu, ipo lakini mwili umekuwa msugu kwake, na kongosho lenyewe, baada ya miaka ya kufanya kazi kupita kiasi ili kuushinda usugu huo, huanza kuchoka. Aina hii ndiyo inayowapata zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote wa kisukari duniani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 wenye umri wa kati ya miaka 20 na 79 walikuwa na kisukari, na kwamba katika kanda yake ya Afrika walikuwa milioni 24, ambao zaidi ya nusu yao hawakuwa wakijua kuwa wanacho. Nchini Tanzania, utafiti wa vijijini ulioongozwa na Donald McLarty, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1989, ulikuta ugonjwa huu kwa karibu asilimia 1 tu ya watu wazima, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliukuta kwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili zilitofautiana kwa maeneo na kwa mbinu, kwa hiyo haifai kuzilinganisha kwa hesabu kali, lakini hakuna anayefanya kazi katika wodi za nchi hii atakayetilia shaka mwelekeo zinaouonyesha.

Kilichobadilika katika miaka hiyo si chakula peke yake. Nigel Unwin na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu waliokuwa wakihama kutoka Morogoro vijijini kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka kisha wakaendelea kuwapima kwa mwaka mzima baada ya kufika. Miongoni mwa waliofuatiliwa hadi mwisho, wanaume waliokuwa wakifanya shughuli nzito za mwili walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, na wanawake kutoka asilimia 37.8 hadi 15.6, huku uzito ukiongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2 kwa wanaume na kwa wanawake ndani ya miezi 12 tu. Ulaji wa nyama nyekundu uliongezeka, lakini wa matunda na mboga nao uliongezeka, na jambo hilo linaonya dhidi ya maelezo mepesi kwamba mji humdhuru mtu kwa sahani yake tu. Anayehama hivyo haachi mazoezi, kwa maana hakuwahi kuyaita hivyo. Anachoacha ni jembe, ndoo ya maji kichwani, kinu na mchi, na mwendo mrefu wa kwenda shamba na kurudi, na badala yake anapata kiti cha daladala, kibanda cha duka au lindo la getini.

Kwa sababu hiyo neno lenyewe la mazoezi, jinsi linavyotumika kliniki, linahitaji kuangaliwa upya. Humjengea mgonjwa picha ya kijana aliyevaa raba na bukta akikimbia kando ya barabara alfajiri, na mama wa miaka 58 mwenye magoti yanayouma hujiondoa katika picha hiyo kabla hajasikia sentensi ya pili. Istilahi pana zaidi ni shughuli za mwili, yaani kila mwendo wa misuli unaotumia nguvu kupita ile ya kukaa tu: kufagia uwanja, kupanda ngazi, kupalilia, kwenda sokoni kwa miguu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima, wakiwamo wanaoishi na kisukari cha aina ya pili, wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Shughuli ya wastani ni ile inayomwezesha mtu kuendelea kuzungumza lakini isiyomwachia pumzi ya kuimba, kipimo ambacho hakihitaji saa wala simu.

Sababu ya kusisitiza misuli ni kwamba msuli ndio mlaji mkuu wa glukosi mwilini. Ndani ya seli zake mna vibebeo vya protini, vinavyojulikana kwa kifupi kuwa GLUT4, ambavyo baada ya mlo hupokea amri ya insulini, husogea hadi kwenye utando wa seli na kuiingiza sukari ndani. Kwa mgonjwa wa aina ya pili amri hiyo husikika kwa shida. Hata hivyo msuli unapojikunja kwa kazi hutoa amri yake wenyewe kwa njia isiyotegemea insulini, na kwa njia hiyo ya pili sukari huingia hata kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa msugu kabisa. Zaidi ya hapo, baada ya kazi kwisha msuli hubaki msikivu zaidi kwa insulini kwa muda wa kati ya saa 24 na 72, ndiyo maana mgonjwa hushauriwa asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila shughuli. Dawa hii inaisha mwilini kama dawa nyingine yoyote, na dozi ya Jumapili haifiki Alhamisi.

Upande wa usiku ulichelewa kuchunguzwa kwa makini. Mwaka 1999 Karine Spiegel, Rachel Leproult na Eve Van Cauter wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaweka maabara vijana 11 wa kiume wenye afya njema, wakawaruhusu kukaa kitandani saa 4 tu kwa usiku kwa siku 6 mfululizo, na mwishoni wakakuta kwamba uwezo wa miili yao kuiondoa sukari kwenye damu umeshuka waziwazi, ilhali hakuna kilichobadilishwa ila saa za kulala. Mwaka 2008 Esra Tasali na wenzake katika chuo hicho hicho walipiga hatua nyingine iliyo muhimu zaidi kwa daktari wa leo. Waliwaacha vijana 9 walale saa zao za kawaida, ila kila walipozama kwenye usingizi mzito, ule ambao mawimbi ya umeme ya ubongo huwa makubwa na ya taratibu, zilipigwa sauti zilizotosha kuwarudisha kwenye usingizi mwepesi bila kuwaamsha. Baada ya usiku 3 wa namna hiyo, usikivu wa miili yao kwa insulini ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 25. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kulala saa 8, akaapa kwamba hakuamka, na bado akawa amenyimwa sehemu ya usingizi inayoutunza mwili wake. Swali la saa ngapi, pekee yake, halitoshi.

Njia inayounganisha usingizi na sukari si moja. Usingizi ukikatizwa, mfumo wa fahamu wa tahadhari hubaki umewashwa, adrenalini na kortisoli huongezeka, na ini, likidhani mwili umo hatarini, humwaga glukosi kwenye damu. Njaa nayo hubadilika: katika jaribio lingine la kundi hilo la Chicago, lililochapishwa mwaka 2004, usiku 2 wa saa 4 kwa vijana 12 ulishusha leptini, homoni ya shibe, kwa asilimia 18, na kuipandisha ghrelini, homoni ya njaa, kwa asilimia 28, na hamu yao ikaelekea zaidi kwenye vyakula vya wanga na sukari. Ushahidi wa watu wengi unakubaliana na ule wa maabara, kwani uchambuzi wa Francesco Cappuccio na wenzake wa mwaka 2010, uliojumlisha watu 107,756, ulikuta kwamba wanaolala muda mfupi wana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyozidi kwa asilimia 28. Wanaolala kupita kiasi walikuwa na hatari kubwa zaidi, lakini kulala sana mara nyingi ni dalili ya maradhi mengine kuliko kuwa chanzo, na haifai mtu aogope usingizi wake wa Jumapili kwa sababu ya takwimu hiyo.

Hadi hapa ni habari za usiku kuuharibu mchana. Ugonjwa wenyewe huurudishia usiku deni hilo kwa njia ambazo mgonjwa anazijua vizuri, ingawa hajaambiwa kwamba zina uhusiano. Ya kwanza ni haja ndogo. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, sawa na miligramu 180 kwa desilita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo ikitoka kwenye mkojo huvuta maji pamoja nayo, hivyo mtu huamka mara tatu, nne, tano, kila mara akiwa na kiu, akinywa maji ambayo yatamwamsha tena. Katika nyumba ambayo choo kiko uani, kila safari hiyo ni kufungua chandarua, kutafuta kandambili gizani, kufungua komeo la mlango, kupigwa na baridi au mbu, na kurudi kitandani akili ikiwa imeshaamka kabisa. Kwa mgonjwa wa hali hiyo hakuna ushauri wa usingizi utakaofaa kuliko kuishusha sukari yenyewe, na ni kosa kumpa dawa ya usingizi mtu ambaye tatizo lake ni figo zinazofanya kazi ya ziada usiku kucha.

Ya pili ni miguu. Sukari ya muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu, kuanzia ile mirefu zaidi inayofika nyayoni, na maumivu yake ya kuwaka moto, kuchomachoma na ganzi huzidi usiku, kiasi kwamba wapo wasioweza kuvumilia hata shuka kugusa vidole. Baadhi yao wana hali nyingine tofauti, ya miguu isiyotulia, ambayo humlazimisha mtu aichezeshe au ainuke atembee ndipo apate nafuu, na ambayo mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma. Kwa hiyo kipimo cha damu hutangulia kabla ya kuilaumu sukari. Ya tatu ni sukari kushuka mno usingizini, chini ya milimoli 3.9 kwa lita, hasa kwa wanaotumia insulini au dawa za kundi la sulfonilurea. Ishara zake ni ndoto za kutisha, shuka kulowa jasho na kichwa kuuma asubuhi, na ni rahisi sana kwa familia kuzipa tafsiri nyingine. Glibenklamaidi, ambayo ni ya kundi hilo na bado inatumika sana kwa kuwa ni ya bei nafuu, hudumu mwilini kwa muda mrefu, na Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha kwamba haiwafai watu waliopita miaka 60.

Lakini tatizo lililo kubwa kuliko yote hayo, na linalopuuzwa zaidi, ni kukatika kwa pumzi usingizini, ambako wataalamu hukuita apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye shingo nene au njia nyembamba ya hewa, koo hujifunga kabisa ilhali kifua kinaendelea kuhangaika kuvuta. Aliye kitandani naye husikia mkoromo unaopanda, kisha kimya cha ghafla cha sekunde kumi, ishirini, pengine zaidi, kisha mtu hushtuka kwa pumzi ya kukoroma kama aliyeibuka majini, hugeuka upande, na mkoromo huanza upya. Mwenyewe hakumbuki. Katika kila mzunguko oksijeni imeshuka, adrenalini imemwagika na usingizi mzito umevunjwa, yaani lile jaribio la Tasali la mwaka 2008 linarudiwa mamia ya mara kila usiku bila mtafiti yeyote. Mwaka 2009 Gary Foster na wenzake waliwapima nchini Marekani watu 306 wenye unene uliokithiri na kisukari cha aina ya pili, wakakuta kwamba asilimia 86 walikuwa na tatizo hili, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa.

Jamii zinazozungumza Kiswahili huchukulia mkoromo kuwa ishara ya kulala fofofo, au jambo la kuchekwa asubuhi, na dhana hiyo inagharimu maisha, hasa ya madereva wa masafa marefu ambao husinzia mchana kwa sababu hawajalala usiku. Uchunguzi wa awali hauhitaji maabara. Mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto walitoa dodoso la maswali 8 ya ndiyo na hapana: kukoroma kwa sauti, uchovu wa mchana, kuonekana pumzi ikikatika, shinikizo la damu, uzito uliozidi, umri wa zaidi ya miaka 50, mzingo wa shingo uliopita sentimita 40, na kuwa mwanamume. Utepe wa fundi cherehani unatosha kwa swali la shingo. Mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisifunge, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981, ndiyo tiba yenye nguvu zaidi ya pumzi kukatika, lakini bei yake iko mbali na mifuko ya wengi, na majaribio yaliyotazama kama inashusha wastani wa sukari wa miezi mitatu yametoa majibu yasiyokubaliana. Hapo ndipo shughuli za mwili zinapostahili nafasi kubwa kuliko zinayopewa.

Christopher Kline na wenzake, katika jaribio la mwaka 2011 huko South Carolina, waliwachukua watu wazima 43 wenye apnia, wakawapa 27 kati yao wiki 12 za mazoezi ya kutembea kwa kasi na ya kuimarisha misuli. Kwa hao waliofanya mazoezi idadi ya pumzi kukatika kwa saa ilishuka kutoka wastani wa 32.2 hadi 24.6, na ajabu ni kwamba uzito wao haukupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Maelezo mojawapo yanatoka kwa watafiti wa Toronto, ambao walionyesha kwamba mtu aliyekaa mchana kutwa hukusanya maji kwenye miguu, na akilala maji hayo hurudi juu, mengine yakaishia shingoni na kulibana koo, mengine yakapita kwenye figo na kumwamsha kwa haja ndogo. Msuli wa shavu la mguu ni pampu. Kila hatua huyasukuma maji hayo yarudi kwenye mzunguko wa damu wakati mtu bado yuko macho. Muuza duka aliyekaa kwenye stuli kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, ambaye soksi zake huacha alama ya mtaro juu ya kifundo cha mguu, amebeba kwenye miguu hiyo sehemu ya usiku wake mbaya, na kusimama kila nusu saa akatembea dakika tatu ndani ya duka ni tiba ya sukari na ya koo kwa wakati mmoja.

Kuna jaribio jingine linalotia moyo, ingawa linahitaji kusomwa kwa tahadhari. Nicholas Saner na wenzake wa Melbourne waliwagawa vijana 24 wenye afya katika makundi matatu: waliolala kawaida, waliolala saa 4 kwa usiku 5, na waliolala saa 4 hizo hizo lakini wakafanya mazoezi makali ya vipindi vifupi. Kundi la pili liliharibikiwa uwezo wa kuimudu sukari. La tatu halikuharibikiwa. Hao walikuwa vijana, si wagonjwa, na wala haifai mtu ajifunze kutokana na jaribio hilo kwamba mazoezi ni kibali cha kutolala. Linachoonyesha ni kwamba msuli unaofanya kazi unaweza kuulinda mwili dhidi ya sehemu ya hasara ya usiku mbaya, na hiyo ni habari kubwa kwa mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu na mama mwenye mtoto mchanga, ambao kuwaambia walale saa 7 ni kuwaambia waache kazi au mtoto.

Wakati gani wa siku? Ushauri uliozoeleka wa alfajiri una ubaya wake kwa mgonjwa aliyelala vibaya, kwa kuwa humtaka akate usingizi uliobaki ili akatembee, na pia kwa kuwa kabla ya mapambazuko homoni za kuamka huwa tayari zimepandisha sukari. Mladen Savikj na wenzake huko Sweden, mwaka 2019, waliwachunguza wanaume 11 wenye kisukari cha aina ya pili na kukuta kwamba mazoezi makali ya alasiri yalishusha sukari ilhali yale yale ya asubuhi yaliipandisha. Kwa shughuli za wastani ushahidi wenye manufaa zaidi unatoka New Zealand, ambako Andrew Reynolds na wenzake mwaka 2016 waliwalinganisha wagonjwa 41 katika vipindi viwili: kutembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote, na kutembea dakika 10 baada ya kila mlo. Njia ya pili ilishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 zaidi, na baada ya chakula cha usiku kwa asilimia 22. Katika nyumba ambazo mlo mkubwa wa ugali au wali huliwa saa mbili au saa tatu usiku, na baada yake watu huketi mbele ya televisheni hadi wakati wa kulala, dakika hizo kumi zinagusa saa yenye sukari nyingi kuliko zote. Hofu kwamba kutembea jioni hufukuza usingizi haina msingi. Kinachovuruga ni mazoezi makali ndani ya saa moja ya mwisho kabla ya kulala.

Anayetumia insulini au sulfonilurea ana tahadhari ya ziada, kwa sababu misuli iliyofanya kazi jioni huendelea kuivuta sukari usiku ili kujaza akiba yake, na kushuka kwa sukari kunaweza kuja saa nyingi baadaye, akiwa amelala. Akipima kabla ya kuanza na kukuta sukari iko chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza kitu chenye wanga, na azungumze na daktari kuhusu kupunguza dozi ya jioni kabla hajaongeza mwendo. Aliyepoteza hisia nyayoni atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, maana jiwe dogo lisilohisiwa kwa dakika kumi huweza kuwa kidonda cha miezi kumi.

Mwezi wa Ramadhani huonyesha kwa uwazi jinsi mambo haya yanavyofungamana, na wagonjwa wengi wa mwambao na visiwani huufunga. Usingizi hukatwa vipande viwili na daku, mlo mkubwa huhamia usiku, na mchana watu hupunguza mwendo ili kuhifadhi nguvu. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13, uliowahusisha zaidi ya wagonjwa 11,000 wa aina ya pili, ulikuta kwamba matukio makali ya sukari kushuka yaliongezeka kutoka 0.4 hadi 3 kwa kila watu 100 kwa mwezi. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unazihesabu sala za tarawehe, pamoja na rukuu na sijida zake, kuwa sehemu ya shughuli za mwili za siku hiyo, jambo ambalo ni kweli kisayansi na linamheshimu mgonjwa zaidi kuliko kumwandikia mazoezi mengine juu yake. Anayepanga dawa za mwezi huo bila kuuliza mgonjwa analala saa ngapi baada ya tarawehe na kama hurudi kulala baada ya alfajiri, anapanga kwa kubahatisha.

Yapo pia mambo yasiyo mikononi mwa mgonjwa wala daktari. Mwanamke anayeishi kwenye mtaa usio na taa hawezi kutii agizo la kutembea saa tatu usiku, na kwake dakika kumi za kutembea ndani ya ua, au kupanda na kushuka kizingiti, ni jibu halali. Chumba kimoja chenye bati la moto, watu watano na spika ya baa ng'ambo ya barabara si mahali pa usingizi mzito, hata kwa mtu mwenye nidhamu ya chuma. Halmashauri zinazoruhusu kelele hadi usiku wa manane na kujenga barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu zinashiriki katika sukari ya wakazi wake, na haki inataka lawama igawanywe ipasavyo kabla ya kumwangukia mama aliyekaa kliniki tangu alfajiri akiambiwa kwamba hajitahidi.

Ndani ya chumba cha kliniki, hata hivyo, kuna kinachowezekana leo. Mapatano ya pamoja ya vyama vya wataalamu wa kisukari vya Marekani na Ulaya ya mwaka 2022 yaliuweka usingizi kwenye orodha moja na kutembea, kuvunja kukaa na kuimarisha misuli, yote yakitazamwa kama saa 24 za mtu mmoja. Kwa kadi ya kawaida hilo lingehitaji mistari miwili tu: umeamka mara ngapi usiku wa jana na kwa sababu gani, na baada ya chakula cha jioni ulifanya nini. Aliyeamka kwa mkojo aanze kwa kushushiwa sukari. Aliyeamka kwa moto wa nyayo atibiwe maumivu ndipo aongezewe mwendo. Aliyekesha kwa mawazo apelekwe kwa mshauri anayejua tiba ya mazungumzo ya kukosa usingizi, ambayo hutangulia vidonge. Na anayesema hakuamka kabisa lakini anasinzia kwenye benchi saa nne asubuhi, huyo apimwe shingo. Kwa huyo wa mwisho yupo shahidi mmoja anayejua kila kimya cha pumzi na urefu wake, kwa sababu amekesha akikihesabu: mke au mume aliyemsindikiza, ambaye kwa sasa huachwa nje ya mlango akiwa ameshika mkoba na kadi.